Sekunde nane mdomoni mwa mtungi

Mrija wa mbegu ya fahali ukitolewa kwenye mtungi wa naitrojeni ya majimaji, ukapigwa na hewa ya mchana, kisha ukarudishwa, hauonyeshi kovu. Rangi ni ileile, jina la fahali linasomeka, na ndani pameganda kama jana. Mhimilishaji atakayeuchomoa mwezi ujao atafanya kila kitu sawasawa na bado atapandikiza maiti. Siku ya 21 ng'ombe anarudi kwenye joto, na hapo lawama zinaanza kugawanywa: fahali mbovu, ng'ombe mgumba, mtaalamu kanjanja. Hakuna anayeutazama mtungi.

Makala hii ni ya wanaoushika mtungi huo, na ya mfugaji anayetaka kujua amwangalie nini mtaalamu akishafika zizini. Nitaanza na seli yenyewe, kwa sababu masharti ya kazi hii yakikaririwa bila sababu zake huachwa siku ya kwanza yenye haraka.

Baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri haiui mbegu. Kwenye joto hilo hakuna maji ya majimaji, hakuna kinachooza wala kuungua, na mbegu iliyofika salama inaweza kukaa miongo. Kinachoua ni safari: kushuka hadi huko, na kupanda kurudi. Safari hiyo ina vituo vitatu vibaya, na kila kimoja kina dawa yake.

Kituo cha kwanza hakina hata barafu. Kiko kati ya nyuzi 20 na 5. Ukiishi Pwani unajua mafuta ya nazi yanavyoganda ndani ya chupa asubuhi za kipupwe, ingawa maji ya kunywa pembeni yake hayajawa baridi ya kutajwa. Utando wa seli nao ni mafuta. Ukipozwa polepole, mafuta hayo hujipanga upya kwa utaratibu. Ukipozwa ghafla, baadhi huganda huku mengine yakiwa bado laini, na kwenye maungio yake panavuja. Kalisiamu inaingia bila kukaribishwa, na kwenye hadubini unaona mbegu zinazozunguka duara badala ya kwenda mbele, au zenye mikia iliyojikunja. Mbegu za fahali na kondoo dume huumia sana hapa. Mbegu ya binadamu ni sugu zaidi, kwa kuwa utando wake una kolesteroli nyingi zaidi. Dawa ni kiini cha yai. Chembe za mafuta na protini zilizomo kwenye kiini hushikamana na utando na kuukinga. Ndiyo maana hadi leo vituo vingi vya mbegu vinavunja mayai kila asubuhi kama mama wa chapati mayai.

Kituo cha pili ni barafu ya nje. Watu wengi hudhani barafu inaichoma seli kama sindano. Hilo hutokea, lakini muuaji wa kwanza ni chumvi. Barafu inapotengenezwa huchukua maji matupu; chumvi yote inabaki kwenye maji machache ambayo hayajaganda, na seli imekaa humohumo. Ukipiga hesabu kwa maji yenye chumvi kama ya damu, yakifika nyuzi -10 chumvi kwenye sehemu isiyoganda imekuwa zaidi ya mara 18 ya ilivyokuwa. Seli inanyonywa maji hadi inasinyaa kama zabibu kavu, na utando unaharibika.

Hapo ndipo gliseroli inapoingia. Ukiweka takriban asilimia 7 kwenye kimiminika, sehemu kubwa ya kazi ya kuzuia maji yasigande inafanywa na gliseroli, na chumvi haihitaji tena kujilimbikiza vile. Kwenye nyuzi zilezile -10, hesabu inashuka kutoka mara 18 hadi karibu mara 4. Tofauti hiyo ndiyo iliyoanzisha sekta nzima. Iligunduliwa mwaka 1949 na Christopher Polge, Audrey Smith na Alan Parkes huko Mill Hill, London, na kwa bahati ya ajabu: walikuwa wakijaribu sukari ya matunda kwenye mbegu za jogoo bila mafanikio, hadi siku moja chupa moja ikafanya kazi vizuri kupita kiasi. Walipoichunguza wakakuta ndani si sukari, ni gliseroli na albumini. Miaka michache baadaye, mwaka 1953, James Lovelock wa taasisi hiyohiyo akaeleza kwa kutumia chembe nyekundu za damu kwamba chumvi iliyojilimbikiza ndiyo inayoua, na kwamba gliseroli inafanya kazi kwa kuipunguza.

Gliseroli lazima iingie ndani ya seli ili ifae, na ndani ya seli ni sumu kidogo. Kwa hiyo kuzidisha hakusaidii. Anayefikiri asilimia 12 italinda mara mbili ya asilimia 6 atapata mbegu zilizoganda salama na kufa kwa dawa.

Kituo cha tatu ni barafu ya ndani, na hapa pana mtego. Ukigandisha polepole mno, seli inakaa muda mrefu kwenye maji ya chumvi. Ukigandisha haraka mno, maji hayapati muda wa kutoka, yanagandia ndani na kupasua. Peter Mazur na wenzake waliliweka wazi jambo hili mwaka 1972: kila aina ya seli ina kasi yake, na kasi hiyo inategemea jinsi maji yanavyopita kwenye utando wake. Mbegu ya fahali ni ndogo na maji yanaitoka upesi, kwa hiyo inataka mshuko wa kasi. Kiinitete, yaani yai lililokwisha kurutubishwa na kuanza kugawanyika, ni kikubwa kama chungu mbele ya kikombe, na kinataka polepole. Nitarudi kwenye kiinitete, maana kuna kosa linalotokana na kusahau tofauti hii.

Sasa jikoni. Kichanganyio (kimiminika kinachochanganywa na manii) cha kawaida cha trisi, kemikali ya kudhibiti asidi, kwa mililita 100 zilizokamilika, kina trisi gramu 2.42, asidi ya sitriki gramu 1.34 hadi 1.38, fruktosi gramu 1, kiini cha yai mililita 20, gliseroli mililita 6.4 hadi 7, na viuavijasumu. Kiini kitengwe kabisa na ute: yai linaviringishwa juu ya karatasi ya kuchujia hadi ute wote unyonywe, kisha ngozi ya kiini inatobolewa na kiini kinadondoshwa, ngozi inabaki kwenye karatasi. Gliseroli ni nzito na inanata ndani ya pipeti. Ukipima kwa haraka utaacha mililita nzima ukutani mwa pipeti na hutajua kwa nini kundi la leo limeyeyuka vibaya. Nyonya polepole, subiri, kisha suuza pipeti humohumo ndani ya kichanganyio. Au pima kwa mizani: mililita 1 ni karibu gramu 1.26.

Manii na kichanganyio vikutane vikiwa na joto moja, kwenye beseni moja la maji. Baada ya kuchanganya, chupa inawekwa ndani ya bika yenye maji ya joto hilohilo, kisha vyote vinaingia kwenye kabati la nyuzi 4. Maji ya bika ndiyo breki: yanafanya mshuko uchukue karibu saa 2 badala ya dakika 10. Ukijumlisha na muda wa kutulia, inakuwa saa 3 hadi 4. Anayefupisha hapa analipia mwishoni.

Mrija unajazwa humo kwenye baridi, kwa kawaida mbegu milioni 15 hadi 20 kwa mrija wa mililita 0.25 au 0.5, na unaachwa na pengo dogo la hewa. Maji yakiganda yanapanuka kwa karibu asilimia 9. Bila pengo hilo kizibo kitasukumwa nje. Kwenye mashine ya kugandishia, mshuko unaotumika sana ni huu: kutoka 4 hadi -10 kwa nyuzi 5 kwa dakika, kutoka -10 hadi -100 kwa nyuzi 40 kwa dakika, kutoka -100 hadi -140 kwa nyuzi 20 kwa dakika, kisha ndani ya naitrojeni. Bila mashine, boksi la stairofomu linatosha: mirija inalazwa juu ya wavu, safu moja tu, sentimita 4 juu ya naitrojeni, kifuniko kinafungwa kwa dakika 10, kisha inatumbukizwa. Safu moja ina sababu yake. Maji yanapoanza kuganda yanatoa joto, na mirija iliyorundikwa inapashana moto kama watu kwenye daladala. Ile ya katikati inakaa muda mrefu karibu na sifuri, na hiyo ndiyo kasi mbaya kuliko zote.

Kwenye kituo cha mbegu kazi hii hufanywa na watu waliofunzwa, wenye vipimajoto kila kona. Kenya ina kituo chake Kabete, Tanzania ina NAIC, kituo cha taifa cha uhimilishaji, pale Usa River, Arusha, Uganda ina chake Entebbe. Mbegu ikitoka huko imeshapimwa, na kipimo cha kawaida ni angalau asilimia 40 zinazokwenda mbele baada ya kuyeyushwa. Kuanzia hapo hadi mlango wa kizazi, mlinzi ni mtu mmoja na pikipiki yake.

Watu husema "ndani ya mtungi ni -196" kana kwamba mtungi wote ni joto moja. Chini, kwenye kimiminika, ndiyo. Shingoni ni ngazi. Inategemea mtungi na kiasi cha naitrojeni kilichobaki, lakini kwa makadirio ya kufanyia kazi, sentimita 10 chini ya mdomo ni kati ya -100 na -120, na sentimita 5 chini ya mdomo ni karibu -40 hadi -50. Kwa hiyo mtu anayeinua kikopo (chombo chenye mpini kinachobeba mirija ndani ya mtungi) hadi mirija ikaribie mdomo, akapangua vikombe vya mirija vilivyomo kutafuta fahali anayemtaka huku akizungumza na mfugaji, hajaitoa mbegu nje kwa macho yake, lakini ameiweka kwenye -40.

Na -40 ina ubaya gani, ikiwa bado ni barafu? Mbegu iligandishwa kwa kasi, na ndani na kandokando yake kuna fuwele ndogondogo. Chini ya takriban -130 fuwele hizo zimelala. Zikipata joto zinaanza kuunganika: ndogo zinayeyuka, kubwa zinanenepa. Ukirudisha mrija, unazigandisha tena zikiwa kubwa. Ukirudia mara ya pili, ya tatu, madhara yanajumlishwa. Mrija mwembamba wa 0.25 unapata joto haraka kuliko wa 0.5, na kwenye jua la saa saba Dodoma au Garissa sekunde hazihesabiki kama za maabara.

Masharti yanayotoka hapo ni machache. Kikopo kisipande juu ya mstari wa ukungu, yaani mirija ibaki angalau sentimita 5 chini ya mdomo, na hata hapo isikae. Chomoa kwa kibanio kirefu, kamwe si kwa vidole. Hesabu, ukifika sekunde 8 hujaupata, shusha kikopo chote ndani, subiri nusu dakika, anza upya. Mrija ukishachomolewa uwe ndani ya maji ndani ya sekunde 3 hadi 5, maana yake beseni linakaa kando ya mtungi, halikai kwenye gari. Na ukishautoa, hautarudi, hata ukigundua ni fahali mwingine. Daftari linaloonyesha fahali gani yuko kikopo namba ngapi huokoa mbegu nyingi kuliko kifaa chochote cha bei. Mirija ya ghorofa ya juu ndani ya kikopo ndiyo inayoumia kwanza, kwa hiyo itumie kwanza.

Kuyeyusha sasa. Maji nyuzi 35 hadi 37, sekunde 40 kwa mrija wa 0.5, sekunde 30 au zaidi kidogo kwa ule wa 0.25. Tumia kipimajoto. Kiwiko cha mkono si kipimajoto. Hicho kiachie kuogesha mtoto. Kinachotakiwa ni kupita haraka ile ngazi ya hatari, fuwele zisipate muda wa kunenepa. Ndiyo maana kuyeyushia mfuko wa shati, kwapani, au katikati ya viganja ni vibaya, ingawa wapo wanaofanya hivyo miaka nenda rudi na kusema ng'ombe wanashika. Wanashika wachache kuliko ambavyo wangeshika. Maji yakizidi 40 na ukajisahau, unapika protini. Chupa ya chai ya mdomo mpana hushika joto vizuri zizini. Iongezee maji ya moto kidogo kabla ya kila mrija, pima, ndipo ufungue mtungi.

Kisha futa. Hatua hii huonekana ya usafi tu, kumbe ni ya uhai. Tone moja la maji matupu likigusa manii, seli zilizotoka kwenye gliseroli zinanyonya maji hayo na kuvimba hadi kupasuka. Futa mrija kwa tishu, kata upande uliofungwa kwa joto au kubanwa, kata mraba na si mshazari ili usivuje ndani ya ala (mfuko wa plastiki unaovalishwa bunduki), na kizibo cha pamba kibaki upande wa bunduki, yaani chuma kirefu cha kupandikizia. Bunduki iwe imesuguliwa na tishu hadi ipate vuguvugu. Hapa ndipo watu wa Njombe, Makete na Kinangop wawe makini kuliko wa Tanga: asubuhi ya nyuzi 8, chuma baridi kinairudisha mbegu kwenye kile kituo cha kwanza, cha mafuta ya nazi, na sasa haina nguvu ya kustahimili. Ingiza bunduki iliyokwisha valishwa ndani ya shati, karibu na mwili, na umfikie ng'ombe ndani ya dakika 10 hadi 15. Usiyeyushe mirija mitano kwa ng'ombe watano waliofungwa sehemu tofauti.

Tofauti niliyoahidi: kiinitete. Aina inayopandikizwa moja kwa moja hugandishwa kwenye ethilini glaikoli, kinga nyingine kama gliseroli, ya moli 1.5 kwa lita, kwa mshuko wa nusu nyuzi kwa dakika hadi karibu -32 au -35, kisha naitrojeni. Mrija wake unashikwa hewani sekunde 5 hadi 10 kwa makusudi, ndipo unaingia majini. Ukiutumbukiza moja kwa moja, barafu inapasuka nyufa kama glasi ya moto iliyomwagiwa maji baridi, na ganda la kiinitete linapasuka nayo. Mhimilishaji hodari wa mbegu anaweza kuharibu kiinitete cha bei kubwa kwa kufuata kanuni yake nzuri. Soma maelekezo yaliyokuja na mirija, kila mara.

Mtungi huohuo mara nyingine hubeba chanjo ya ndigana kali, ambayo ni vimelea hai vya Theileria parva vilivyogandishwa, vinavyodungwa pamoja na oksitetrasaiklini. Navyo vina masharti yaleyale ya ngazi ya shingo. Tenga kikopo chake.

Mtungi wenyewe ni chupa iliyoning'inia ndani ya chupa nyingine, imeshikwa na shingo tu, na katikati ni ombwe. Ukiufunga kwenye kiti cha boda bila godoro na kukata barabara ya changarawe kilomita 30, shingo ndiyo inayobeba kila shimo. Dalili ya ombwe kufa ni jasho au ukungu mweupe nje ya mtungi, hasa mabegani. Ukiiona, hamisha mbegu siku hiyohiyo. Pima kina kwa fimbo ya mbao: itumbukize hadi chini sekunde 10, itoe, ipunge hewani, soma mstari mweupe. Usitumie bomba lenye tundu, naitrojeni itakurukia usoni. Jaza kabla haijashuka chini ya sentimita 10, na andika kipimo kila wiki, maana namba ikianza kushuka haraka kuliko kawaida ndiyo taarifa ya mapema unayoweza kupata. Kifuniko kisibanwe wala kufungwa kwa nailoni. Lita moja inageuka karibu lita 700 za gesi, na gesi hiyo haina harufu: mtungi wa lita 3 ukimwagika ndani ya gari lililofungwa vioo, dereva anaweza kuzimia kabla hajahisi chochote. Vioo chini, na mtungi wima.

Ukiwa na shaka na mtungi, usiujaribu kwa ng'ombe wa watu. Tafuta hadubini yenye meza ya nyuzi 37, chukua mirija miwili kutoka kila kikopo, mmoja wa ghorofa ya juu na mmoja wa chini. Yeyusha kwa kanuni, hesabu zinazokwenda mbele, kisha ziache saa 2 kwenye nyuzi 37 na uhesabu tena. Kipimo cha pili ndicho kinachofichua: mbegu iliyojeruhiwa inaweza kuogelea vizuri dakika tano za kwanza huku kofia ya kichwa chake, ile inayohitajika kulipenya yai, ikiwa imeshalegea, na baada ya saa 2 inakuwa imesimama. Ghorofa ya juu ikianguka na ya chini ikafaulu, tatizo ni mkono unaoinua kikopo. Zote zikianguka, huenda mtungi uliwahi kukauka, hata kama leo umejaa.